Misumari Miwili ya Fundi Pindo

Fundi Pindo, jina alilopewa na mtaa kwa mapindo yake yasiyofumuka, alikuwa na futi mbili za kupimia nguo, kila moja na msumari wake ukutani. Ya njano ilikuwa ya watu wa kwao. Nyeupe ilikuwa ya wale wengine, wenye lugha yao na sala yao. Alirithi utaratibu huo kwa mama yake pamoja na cherehani, na hakuwahi kujiuliza maswali. Wahenga hawakukosea, mazoea yana taabu.

Asubuhi hiyo binti yake, aliyeposwa na kijana wa wale wengine, alimwita mbaguzi. Fundi alichemka. Mbaguzi, kwa akili yake, ni mtu wa kutukana wenzake na kuchoma nyumba zao. Yeye hajawahi kumnyima mteja hata kifungo.

"Mama, mbaguzi ni mtu anayebagua, basi," binti alisema. "Anatenga hawa na wale. Hata akitenga huku anatabasamu. Mama mkwe anakuja kupimwa leo. Ukimpima kwa ile nyeupe, harusini kwangu usije."

Mama wa bwana harusi aliingia na kitambaa chake kwapani, mchangamfu, akisalimia kama aliyefika kwao. Fundi alibabaika hata akasahau kumpa kiti. Akili ilisema njano. Mkono ukaenda ulikozoea, ukarudi na nyeupe. Mguu wa binti, aliyekuwa akishona pembeni, ukaganda juu ya pedeli ya cherehani.

Mgeni alikwisha inua mikono apimwe.

"Hii naikumbuka," alisema. "Tangu nikishonesha sare za watoto hapa. Nyumbani nilikuwa nawaambia, yule fundi anatuheshimu, ametuwekea futi yetu peke yetu."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Angecheka kidogo tu, mambo yangeisha. Lakini binti alikuwa anamtazama, na fundi akaona aibu.

"Haikuwa heshima, mkwe," alisema. "Niliwatenga. Sikutaka iliyowagusa ninyi iwaguse watu wangu."

Mikono ya mgeni ikashuka polepole. Akaketi bila kukaribishwa, akakikunja kitambaa chake upya, akakiweka mapajani. Mwishowe akauliza, macho yakiwa kwenye ile misumari:

"Na wajukuu wetu, mkwe, utawapima kwa ipi?"