Risasi Zilizovaa Kikwembe

Harufu ya mawese yaliyochemshwa pamoja na nta ya nyuki inaponifikia, hata kama ni jirani tu anayekaanga ndizi zake, kidole gumba changu cha kushoto huanza kuniwasha. Hapo ndipo nilipovaa pete yangu ya kwanza. Haikuwa ya dhahabu wala ya shaba. Ilikuwa ya chuma, nene, iliyokatwa kwenye mdomo wa gobori la baba yangu siku mhunzi alipoufupisha mtutu wake, kwa sababu ulikuwa mrefu mno kwa msitu wetu na kila mara ulinaswa na matawi. Mhunzi alitaka kukitupa kile kipande. Baba akakiokota, akakisugua kwenye jiwe hadi kikang'aa, akanivisha mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Ntoto, upande wa Walikale, ambako ukitoka nyuma ya jiko hatua ishirini tayari uko msituni, na mvua ikianza asubuhi hakuna anayeuliza itakoma lini.

Kazi ya ile pete ilikuwa kuchagua risasi. Gobori, kwa asiyelijua, ni bunduki ya kushindilia: unatia baruti mdomoni, unaiziba kwa majani makavu, kisha unaisukuma risasi kwa ufito mpaka ikae chini. Risasi zetu zilimiminwa kwenye kalibu za udongo, na risasi za namna hiyo ni kama watoto wa tumbo moja, mama ni mmoja lakini kila mmoja ana kichwa chake. Baba alinimwagia rundo kwenye ungo, nami nikazipitisha moja moja kwenye pete. Iliyogoma ilirudi chunguni kuyeyushwa. Iliyoanguka upande wa pili bila kugusa chochote niliiweka kando. Niliyoitafuta ni ile iliyopita ikiacha nafasi ndogo pembeni, nafasi ya nguo, maana risasi haikwenda uchi. Ilivalishwa kipande cha gome la mtini lililopondwa likalainika, likapakwa mawese na nta. Kipande hicho baba alikiita sabo, neno alilolirithi kwa babu, ambaye ujanani alimbebea bunduki mzungu mmoja mwenye shamba huko Masisi. Shuleni mwalimu alituambia sabo ni kiatu cha mti, na darasa zima likacheka. Nilipomsimulia baba hakucheka hata kidogo. Alisema mwalimu ana haki, kwani asiye na kiatu atafika wapi kwenye matope haya?

Alinifundisha kwa vidole zaidi ya maneno. Tulijaribu jani kavu la mgomba, likachanika njiani. Tulijaribu ngozi ya swala, ikawa ngumu, ufito ukagoma. Tulijaribu kitambaa cha shati kuukuu, kikateleza mno. Gome la mtini ndilo lililotupa tulichotaka: kukaza bila kugoma. Sabo nzuri unaisikia mkononi, alisema, ufito unashuka kwa pumzi moja, polepole, bila kugongwa. Risasi nene inayokwama katikati ni mauti, kwa kuwa bunduki itampasukia mwenyewe usoni. Iliyolegea ni aibu, kwa kuwa mwindaji wa nchi ya mvua hutembea mtutu ukitazama chini ili maji yasiingie, na risasi isiyoshikwa hutoka zake bila kuaga. Mauti au aibu. Hayo niliyakariri kabla ya sala ya Baba Yetu.

Baba alikufa kwa homa mwanzoni mwa mvua kubwa, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Mama alikuwa na kikwembe kipya cha buluu chenye ndege wa njano, ambacho baba alimletea kutoka sokoni Masisi na hakuwa amekivaa hata mara moja. Alikikata katikati. Nusu moja akamfunikia mumewe, nusu ya pili akajifunga kiunoni, na kijiji kizima kiliwaona wale ndege wa njano wakishuka kaburini. Aliyelia kuliko wote, hadi akashikwa na watu wawili asijitupe shimoni, ni mdogo wake baba, Papa mudogo Safari. Siku ya nne machozi yalikuwa yamekauka. Aliingia kwetu bila kubisha, akaitoa bunduki ukutani, akachukua pembe ya baruti na mfuko wa ngozi, akaondoka. Pete hakuichukua. Ilikuwa kidoleni mwangu, na yule mtu hakuwa na desturi ya kutazama mikono ya watoto wa kike.

Lazima niseme jambo la kidari, maana bila hilo hasira yangu itaonekana ya mtoto mlafi. Kwetu mnyama hugawanywa kwa sheria ambayo hata mlevi anaijua. Kichwa ni cha aliyepiga. Kidari ni cha mwenye bunduki, hata kama siku hiyo alilala nyumbani anaumwa jino. Mwenye bunduki akifa, kidari kinaendelea kuingia mlangoni pake mpaka watoto wake wakue. Shingo ni ya mpita njia, mtu aliyekuta watu wakichuna na hamuwezi kumfukuza. Kidari kile ndicho kilichokuwa chumvi yetu, sabuni yetu na ada yangu ya shule, maana mama alikikausha na kukiuza kipande kipande. Bila kidari ningeacha shule nikiwa na miaka tisa, na hilo nililijua vizuri kama nilivyojua kuwa jina langu ni Bora.

Papa mudogo alikuja kwangu baada ya wiki, kwa kuwa risasi alizojichagulia mwenyewe zilimsumbua. Hakumsalimu mama. Aliniambia nimchagulie kama nilivyomchagulia kaka yake, nami, mjinga, nilifurahi. Nilidhani nikiitunza bunduki ya baba, nayo itatutunza. Nilimpa risasi safi zenye gome safi, akapiga nguruwe pori wa kwanza. Mama akaletewa shingo. Akasema labda wamekosea katika kugawa, akaipika. Nguruwe wa pili akaangushwa, na mara hii mama alikwenda mwenyewe mahali pa kuchunia, akiwa amejifunga kikwembe chake cha msiba, nikimfuata nyuma. Aliomba kidari kwa adabu, macho chini. Papa mudogo aliendelea kupangusa kisu kwenye majani ya mgomba. Kisha akasema, kwa sauti ya kufika kwa kila mtu:

"Mama, bunduki haifungwake mu kikwembe."

Watu walicheka. Si wote, ila waliocheka nawakumbuka kwa majina, na wengine wao wameshakufa na bado nawakumbuka. Akamtupia mama shingo miguuni. Mama aliinama akaiokota, kwa sababu mwenye njaa haachi nyama chini, na niliona mgongo wake ukiinama nikahisi kitu kikikaa mahali pake ndani yangu, kwa pumzi moja, polepole, bila kugongwa. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikichezesha pete kidoleni. Mauti au aibu, nilikuwa nikijiuliza njia nzima. Nitasema ukweli, kwa kuwa umri wangu hauniruhusu tena kujipamba: kwa siku mbili nilichagua mauti. Niliweka kando risasi tatu zilizogoma kwenye pete, nikazitazama. Kilichonizuia ni bunduki yenyewe. Ingempasukia yeye, ingepasuka na yenyewe, na ile ilikuwa bunduki ya baba yangu.

Basi aibu. Nilikusanya zile zilizoanguka kwenye pete bila kugusa, ndogo, nzuri, za mviringo. Kisha mama alipokwenda kisimani na kuacha kikwembe chake kwenye kamba, nilichukua mkasi nikakata ukingo wake, vipande sita vya duara, kila kimoja na ndege wake wa njano au bawa lake. Alisema bunduki haifungwi katika kikwembe. Haya, nikamfungia. Nilizivalisha risasi zote sita, nikazipaka mawese mengi kuliko kawaida, na kwa kuwa mafuta yale ni mekundu na mazito, rangi za nguo hazikuonekana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kuitimiza methali hiyo neno kwa neno kama mimi. Papa mudogo alishindilia ya kwanza palepale mbele yangu. Ufito ulishuka wenyewe. Alinisifu, akasema hata kaka yake hakuwahi kupata risasi inayoingia vizuri hivi.

Waliondoka watatu, yeye na Papa Kitsa, mkubwa wa wawindaji, na kijana mmoja mwenye mbwa. Mvua ilinyesha, wakatembea mitutu chini. Yaliyofuata nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nayaona. Mbwa walimbana nguruwe dume kwenye mizizi ya mti mkubwa, Papa mudogo akasogea hadi hatua tano kwa sababu alipenda kujionyesha, akafyatua. Kishindo kilitoka. Moshi ulitoka. Nguruwe naye alitoka, mzima, bila hata unywele kuanguka, akampitia Papa mudogo shavu la mguu kwa jino lake na kumtupa matopeni. Papa Kitsa ndiye aliyemuua kwa mkuki. Walipokuwa wanarudi na majeruhi mgongoni, mbwa mmoja alisimama njiani akinusa kitu. Ilikuwa risasi, imelala kwenye dimbwi. Maji ya mvua yalikuwa yameosha mafuta, na kitambaa kilichoifunika kilikuwa cha buluu, na juu yake ndege wa njano.

Mwanamke yeyote angeuliza kwanza nani ana mkasi. Lakini hawa walikuwa wanaume watatu msituni, mmoja anatokwa damu, na nguo ile waliikumbuka ikishuka kaburini. Waliona marehemu amenyoosha mkono ndani ya mtutu akaitoa risasi, akaiweka njiani ikiwa imevaa sanda yake ili asiwepo wa kubisha. Papa mudogo, nasikia, alianza kumwomba kaka yake msamaha palepale, kwa sauti ya mtoto. Kesho yake bunduki ilirudishwa kwetu ikiwa imefungwa kwenye majani mabichi, na pembe ya baruti, na mfuko, na kidari kizima cha yule nguruwe. Papa Kitsa alikitua mbele ya mama akasema kuanzia siku hiyo yeyote atakayeiazima bunduki ile atalipa haki ya nyumba. Kisha akanitazama kidole gumba, akatazama ukingo wa kikwembe cha mama, akakohoa, akaaga. Sijui alijua nini. Hakusema hadi anazikwa.

Mama alijua. Jioni ya pili alichukua sindano akaanza kuukunja ule ukingo uliokatwa, akaushona, na kikwembe kikawa kifupi, kikaishia juu ya kifundo cha mguu mpaka siku alipokiacha. Bila kuinua macho akaniambia, "Siku ingine ukate upande wa ndani." Tulikula kidari. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajawahi kukionja kimechomwa vizuri, na chumvi juu. Nilimaliza shule ya msingi, nikaendelea hadi darasa la cherehani, na kila ada ilitoka kwenye mdomo wa bunduki ile.

Leo ninakaa Kashuga, upande wa Masisi, kwenye kambi ambako tulifika kwa ajili ya wiki mbili na miaka imepita. Nashona nguo kwa cherehani ya mkono. Gobori la baba lilipotea tulipokimbia vita, pete ninayo, haivuki tena kifundo cha kidole, naivaa shingoni chini ya blauzi. Watoto wa hapa wanazijua bunduki kwa sauti zake kama sisi tulivyowajua ndege. Hizo za leo hazina haja ya mtoto wa kuchagua risasi. Risasi zake hutoka kwenye sanduku zote sawa, zinaingia zote, na wanaozibeba hawajui kidari ni cha nani. Zamani yetu haikuwa na malaika, mimi ni shahidi. Lakini aliyepiga alijulikana, na aliyedhulumu alijua mlango wa kurudishia.

Papa mudogo Safari alifika kambini mwaka juzi, mzee, peke yake, akiburuta mguu ule ule. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Hakuwahi kugusa bunduki tena tangu siku ile. Hulala na Biblia chini ya kichwa, na akiona nguo ya buluu kwenye kamba hupita mbali. Kila Jumapili huja kwangu baada ya misa, kwa kuwa mimi ndiye ndugu aliyebaki, na hukaa kwenye kigoda kile kile na kuuliza swali lile lile. Wiki iliyopita pia aliuliza.

"Bora, mutoto wangu, unawaza kaka alishanisamehe?"

Ningeweza kumpumzisha kwa maneno machache. Ningeitoa pete, nikaiweka kiganjani mwake, nikamwambia Papa mudogo, ni mimi, wafu hawana habari na wewe. Angecheka, angelia, angelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto. Kanisani tunapofika pale pa kuwasamehe waliotukosea mimi hunyamaza, na Mungu anajua kwa nini.

"Sijuwi, Papa mudogo," nilimjibu. "Baba hayaniambia bado."

Akatikisa kichwa, kama kila Jumapili. Kuku alikuwa ameiva. Nilimpakulia ugali, nikachovya mwiko chunguni, nikamchagulia kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa, nikamwekea shingo.