Nilivyojichongea kwa Afisa wa Uhamiaji

Miezi ile ya kungoja usaili wa uraia nilikuwa nasoma riwaya za Warusi wa zamani, na mwenye tumbo joto simshauri azisome. Watu wa humo hawakamatwi, wanajipeleka. Mtu kasalimika, hakuna anayemshuku, halafu anajipalia makaa kwa mdomo wake mwenyewe. Nilikuwa nawacheka, kisha nafunga kitabu kabla sijafika mwisho.

Maana nami nilikuwa na langu. Baba alipofariki Morogoro, green card ya ukaazi nilikuwa nayo, ningeweza kwenda. Niliogopa tu kwamba nikitoka nitazuiwa kurudi. Nikamdanganya mama kwamba siruhusiwi kusafiri mpaka nipate uraia, nikatazama mazishi kwenye simu, nimeegesha gari nje ya ghala ninalofanyia kazi, huku mjini Euless. Ilipofika zamu ya watoto kutia udongo kaburini, mdogo wangu akatia wake, akainama tena. "Na huu wa kaka," akasema.

Siku ya usaili rafiki yangu wa Arlington, mji jirani, ndiye aliyenipeleka. Njia nzima ananifunda. "Kaka, wakifika kwenye mambo ya crime, sema no. Usianze ku-explain."

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Akauliza kama nimewahi kutenda kosa la jinai nisikamatwe.

"Ndiyo," nikasema.

Akaacha kuandika. "Kosa gani?"

"Sikumzika baba yangu."

Uso ukambadilika. "Mwili uko wapi?"

Kiingereza chote kikaniruka. Nikaeleza kaburi, simu, udongo wa mdogo wangu, huku nikiona pingu kila alipogusa meza. Mwisho akashusha pumzi. "Hiyo si jinai. Nakuuliza tena. Ndiyo au hapana?"

Ile ndiyo ilikuwa bado inanijia mdomoni. Nikasema hapana, na nikajisikia vibaya kuliko nilipokuwa nikijichongea.

Rafiki yangu alikuwa ananingoja garini. "Vipi?"

"Nimepita."

Akapiga usukani kwa furaha. "Mpigie Mama, kaka! Mpigie sasa hivi!"

Nikamwambia simu imeisha chaji. Haikuwa imeisha. Niliogopa kumpigia mama kuliko nilivyomwogopa yule afisa, kwa sababu sasa angeniuliza naja lini.