Alamu kwenye Njia ya Majaruba

Mwenzangu wa kazini alishambuliwa masika yalipoanza, kwenye njia ya miguu inayokatiza majaruba ya mpunga kutoka upande wetu wa Kibaoni kwenda kwenye zahanati. Ilikuwa asubuhi mapema, alikuwa anakwenda kumpokea muuguzi wa zamu ya usiku. Mtu alimtokea kwa nyuma, akamkaba, akamwambia anyamaze, akamvutia kwenye mpunga. Aliokoka kwa sababu trekta lilipita barabarani na taa zake zikamulika upande ule. Aliporudi kazini alikuwa amejifunga kitambaa shingoni. Sote tulikuwa tunapita njia ileile.

Barabara ya magari ilikuwepo, lakini mvua zikikolea inakuwa tope tupu na bodaboda wanakataa kuingia. Ilibaki ile njia. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, mbali, anakuja nyumbani mara mojamoja, kwa hiyo hapakuwa na wa kunisindikiza. Nilianza kutembea huku nimegeuza shingo. Kandambili zangu zilipogonga visigino nilisikia kama ni za mtu mwingine. Nikifika kazini nilikuwa nimeloa jasho mgongoni kabla ya kugusa mgonjwa hata mmoja.

Ndipo tukasikia kuna mafunzo ya kujilinda kwa wanawake, kila Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa kanisa. Aliyefundisha alikuwa mama mtu mzima, mnene kidogo, ambaye aliwahi kuwa askari. Tulimwita Afande. Tulikuwa wauguzi, walimu, na akina mama wauza mchele. Alikuwemo pia mama mmoja wa Kisukuma anayeuza maziwa, ambaye boma lao la ng'ombe liko pembeni kabisa mwa majaruba. Kila mmoja alipewa kifaa kidogo, ukubwa wa yai, chenye pini na kamba fupi. Ukivuta pini kinalia sauti kali inayochoma masikio. Tulikiita alamu.

“Hiki hakipigani,” Afande alituambia siku ya kwanza, akikiinua juu tukione. “Kazi yake ni kumshtua yeye na kukupa wewe nafasi. Ukishavuta, kitupe mbali asikifikie, halafu kimbilia kwenye watu, usikimbilie kichakani. Na kisikae ndani ya mkoba chini ya khanga na chakula. Kiwe mkononi kabla hujaanza kuogopa.”

Nilijisemea moyoni kwamba basi mimi nitalala nacho mkononi.

Alitufundisha kumkanyaga mtu juu ya kidole cha mguu kwa kisigino, kumpiga kiwiko cha tumbo, na kuzungusha mkono ulioshikwa kuelekea upande wa dole gumba lake, pale ambapo kiganja hakina nguvu. Kisha tukagawanyika wawili wawili. Mimi nilipangwa na yule mama wa maziwa. Yeye alitakiwa kunikamata kwa nyuma, mimi nivute pini na kupiga kelele.

Alinishika, tena kwa upole. Nikasimama. Alamu ilikuwa kiganjani na kidole kilikuwa kwenye kamba, lakini kidole hakikuvuta. Mdomo niliufungua na hakuna kilichotoka.

“Mbona umesimama?” Afande aliuliza.

“Nimeshindwa.”

“Umeshindwa kuvuta au umeshindwa kupiga kelele?”

“Vyote.”

Nilitegemea kuchekwa. Afande alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, “Ni afadhali ushindwe hapa. Rudia.” Nikarudia mpaka jua likashuka, na nilipofanikiwa kuvuta, kelele yangu ilikuwa kama ya mtu anayeita kuku.

Nyumbani nilitaka kuizoea. Siku moja saa za jioni nilisimama uani nikavuta pini. Ikalia kweli, watoto wangu wakaziba masikio. Niliiacha ilie, nikaangalia njia. Hakuna mtu aliyekuja. Baadaye jirani aliinua kichwa juu ya ua akauliza, “Jirani, pikipiki ya nani hiyo inasumbua?”

Usiku ule usingizi ulinipaa. Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wenzangu ukumbini. Afande alikunja uso, na kabla hajajibu, mama wa maziwa akanyoosha mkono.

“Kwetu mtu akipatwa na shida anapiga mwano,” alisema. “Ni yowe. Ukilisikia, unaacha ulichoshika unatoka, hata kama ulikuwa unakula. Asiyetoka anaulizwa kwa nini hakutoka. Sasa hiki kidude watu hawakijui. Hakijasema kwamba kuna mtu anakufa.”

“Ni kweli,” Afande alisema. “Hapo nilikuwa sijafika.”

Siku ile hatukukanyagana vidole. Alitutoa ukumbini tukapita nyumba zote zilizo kando ya ile njia. Tulipiga hodi, tukasalimia, tukaomba ruhusa, kisha mmoja wetu akavuta pini ili wenye nyumba waisikie sauti.

“Na wakiichezea watoto?” mzee mmoja aliuliza.

“Toka hivyohivyo, mzee wangu,” Afande alimjibu. “Ukikuta ni watoto, wagombeze halafu urudi ndani.”

Na sisi akatuambia tusiiachie alamu kazi yote. Ikilia, mdomo nao useme kuna nini na ni wapi.

Haukupita muda mrefu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi ukungu ulilala juu ya mpunga hadi kiunoni. Kulikuwa kumekucha, lakini hukuweza kuona mbali. Nilipopita kibanda cha kuamia ndege, nilisikia mtu akishuka kutoka humo na kunifuata nyuma. Nilijiambia ni kandambili zangu. Nikasimama. Hatua zikaendelea kidogo, nazo zikasimama.

Niligeuka, kama tulivyofundishwa, nikasema kwa nguvu, “Habari za asubuhi, kaka. Pita mbele.”

Alikuwa kijana mwenye koti la mvua. Hakujibu, hakupita. Nilianza kutembea, naye akaanza kutembea. Alamu ilikuwa mkononi na kiganja kilikuwa kimelowa. Niliwaza pini itateleza, nikaizungushia kamba kidoleni. Nilikuwa bado naizungusha aliponidaka shingoni.

Kidole kilivuta chenyewe. Sauti ilipasuka masikioni mwetu wote wawili, naye akalegeza mkono kidogo. Nilitupa alamu, ikagonga tuta na kutumbukia majini, ikawa inalia kwa sauti ya kuzibwa. Niliona basi, imekufa, hakuna atakayesikia. Hapo ndipo nilipopiga kelele. “Nakabwa! Njia ya majaruba! Nakabwa!” Nilimkanyaga, nikampiga kiwiko, sijui kipi kilitangulia. Nikachomoka na kukimbia kuelekea kwenye boma la ng'ombe.

Kutoka bomani ilinijibu sauti ya mwanamke, ndefu, inayopanda na kushuka. Alikuwa mama wa maziwa. Sauti yake ikadakwa na nyumba ya pili, na ya tatu, na watu wakatoka kwenye ukungu na fimbo, majembe, na mapanga. Nilipishana nao nikiwa nakimbia.

Kijana alijaribu kukatiza jaruba akanasa kwenye tope mpaka mapajani. Wakamzunguka. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili kichwani.

Nimefanya kazi zahanati miaka mingi. Najua wanaoletwa asubuhi kama ile, wamefunikwa khanga ya mtu, na hatuna la kuwafanyia zaidi ya kuandika. Mtu anayeitwa mwizi hafiki polisi. Nilikuwa nimefundishwa kuwaita watu, sikufundishwa kuwazuia. Nilirudi juu ya tuta, nikaingia majini katikati yao.

“Msimpige. Mshikeni tu.”

“Dada, si ndiye aliyekukaba? Unamtetea?”

“Simtetei. Mwenzangu naye alikabwa hapahapa. Huyu akifa, nani atajibu?”

Mwenye panga alinitazama kama nimechanganyikiwa. Mama wa maziwa aliingia majini na gauni lake, akasimama karibu nami, akawaambia wanaume wa kwao kwa Kisukuma maneno ambayo sikuyaelewa. Fimbo zikashuka. Tulisubiri hivyo, sote tumeloa, hadi mwenyekiti wa mtaa alipofika na kamba, wakampeleka polisi.

Mwenzangu aliitwa kituoni siku hiyohiyo. Alisimama nje ya mlango akasikiliza kijana akijibu maswali. Hakuhitaji kuingia. Alinishika mkono akasema, “Ni yeye. Sauti ni ileile.” Tulitoa ushahidi wote wawili, na baadaye kijana alifungwa.

Kabla ya hukumu, alasiri moja, alikuja mama mmoja nyumbani kwangu. Alipiga hodi nikamkaribisha.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka. Alisema ametoka Malinyi na kwamba yule kijana ni wake.

“Nimekuja kushukuru,” alisema. “Nimeambiwa wangemuua, wewe ukawazuia.”

Nilimletea maji.

“Sasa nakuomba umalizie, mwanangu. Futa kesi. Sina mwingine.”

“Siwezi, mama. Kesi si yangu peke yangu.”

“Ungekuwa na mtoto ungenielewa.”

“Ninao,” nilimwambia. “Na wa mwenzangu ni mdogo kuliko wangu.”

Alikunywa maji polepole mpaka yakaisha. Hakulia wala hakunilaani, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Aliuliza njia ya kituo cha mabasi. Alikuwa mgeni, na mawingu yalikuwa yameshakusanyika, nikamsindikiza. Tulisimama pamoja kungoja gari la Malinyi. Lilipofika alipanda, akatafuta kiti cha upande wa pili, usionielekea, na mimi nikabaki pale mpaka likaondoka.