Diski Zilizotobolewa Kariobangi

Mkurugenzi Bedan alikuwa na kidole juu ya kitufe cha Enter. Akikibonyeza tu, kazi yangu ya mwaka mzima imekwenda.

Kwenye skrini kompyuta ilikuwa imeandika kwamba iko tayari kuifomati diski yangu. Ile ile ambayo muda mfupi kabla ilikataa kuisoma.

"Hakuna kitu humu," Bedan alimwambia mgeni, meno yote nje. "Huyu msichana ametuletea diski tupu."

Tupu! Diski niliyoijaza kwa mikono hii!

Jamani, nikaurukia mkono wake.

Tulieni kwanza niwaeleze tulifikaje hapo.

Hii ni mtaani Umoja, mwaka wa themanini na tisa, wengi wenu bado hamjazaliwa. Nimeikumbuka kwa sababu wiki jana mwanangu alinunua flash barabarani, imeandikwa inabeba kila kitu na bado nafasi inabaki. Akatia picha za harusi ya dadake. Ikafika mahali ikaanza kuzila. Kumbe nafasi ya ndani ni ndogo tu, kuna mtu alikuwa ameifundisha kuidanganya kompyuta.

Nikamwambia, mwanangu, huo wizi si mpya. Mimi niliukuta ukifanywa kwa drili.

Wakati huo mtaani naitwa Nakhumicha wa Matumbo. Asubuhi nilikuwa machinjioni Kiamaiko nikiosha matumbo ya mbuzi. Mchana nakimbia Umoja chuoni kujifunza kompyuta. Chuo chenyewe kilikuwa nyumba ya kawaida iliyoongezwa vyumba uani, kisha Bedan akavaa tai na kujiita mkurugenzi.

Sasa, harufu ya matumbo ya mbuzi haitoki kwa sabuni ya kipande. Waithera alihakikisha hakuna mtu asiyelijua hilo.

Waithera alikuwa binti ya dadake Bedan. Mrefu, mweusi, mdomo wembe.

"Fungueni madirisha," alikuwa akisema nikiingia. "Beberu amefika."

Darasa linavunjika mbavu.

Mimi nami sikuumbwa kunyamaza. Siku moja nikamwambia, "Afadhali mimi nanuka kazi. Wewe unanuka kukaa kwa wenyewe."

Alikuwa anaishi kwa huyo anko wake. Anapika, anafua, anafagia chuo, ndio aruhusiwe kusoma. Alinitazama hivi, nikajua nimegonga penyewe. Nikafurahi hadi nikalala vizuri.

Tulichukiana bila likizo. Kuna siku niliamka na hasira naye kabla sijakumbuka hata jina langu.

Chuo kilikuwa na kompyuta mbili. Ya zamani ndiyo yetu sisi wanafunzi. Ile mpya ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya mama wa kanisa, na pasta alikuwa ameitwa kuiombea. Haiguswi. Hiyo ni ya wageni.

Na diski zilikuwa hizi za plastiki ngumu, unazificha kwenye kiganja. Zilikuwa aina mbili, ndogo na kubwa. Kwa umbo ni pacha, usidanganyike. Ila kubwa inabeba mara mbili ya ndogo, na alama yake ni tundu la ziada kwenye pembe. Kompyuta mpya ilikuwa inalipapasa hilo tundu. Ikilikuta, inasema hii ni kubwa. Isipolikuta, inasema hii ni ndogo. Ile ya zamani haikuwa na habari za matundu, kwake kila diski ni ndogo.

Mwalimu wetu Okoth, Mungu ambariki, alitufundisha kufomati kwa lugha ya mtaa.

"Kufomati ni kupima viwanja," alisema. "Ardhi ni ile ile. Unaweza kuikata viwanja vikubwa vichache, ama vidogo vingi. Ukishapima, kila nyumba ina anwani. Ukipima upya juu yake, hizo anwani zimekwisha, na aliyekuwa ndani hapatikani."

Sasa njoo umwone Bedan.

Diski kubwa zilikuwa ghali, tena adimu. Kwa hiyo alinunua ndogo, akazipeleka Kariobangi kwa fundi mmoja wa jua kali anaitwa Phares. Phares alikuwa anatengeneza majiko na kuziba sufuria. Akachukua drili, akatoboa kila diski kwenye pembe. Zikarudi Umoja zikiitwa kubwa na kuuzwa kwa bei ya kubwa, na sheria ya chuo ikawa kwamba hakuna kununua diski kwingine.

Phares hakuongeza nafasi. Aliongeza tundu.

Haya yote mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba nimeuziwa diski kubwa, na mwaka mzima naitumia kwenye kompyuta ya zamani bila shida. Ile ya zamani iliipimia viwanja vya ndogo, na mimi nikajenga humo.

Mnaona hatari ilipokuwa? Nje tundu linasema kubwa. Ndani viwanja vya ndogo.

Basi. Akatokea mama mmoja, Madam Mbeti, mwenye kiwanda cha uchapaji huko Industrial Area. Alitaka msichana mmoja wa kupanga maandishi kwa kompyuta. Mmoja tu. Mwalimu Okoth akapendekeza wawili, mimi na Waithera, eti Madam achague mwenyewe. Angeangalia kazi zetu za mwaka, kisha atupe masahihisho tuyaingize humo humo mbele yake.

Kwangu haikuwa hesabu ngumu. Nikiipata, nimeaga Kiamaiko. Nikiikosa, Jumatatu mkono wangu uko ndani ya utumbo wa mbuzi, pengine hadi nizeeke.

Siku ikafika. Nimejisugua kwa limau hadi ngozi inawasha. Naingia chuoni, kompyuta ya zamani haipo!

"Nimeiuzia shule fulani huko Embu," Bedan akasema. "Leo mtatumia mpya."

Okoth naye hayupo. Ametumwa huko huko Embu kuiunganisha.

Kitambaa kikatolewa. Waithera akatangulia. Akatia diski yake, kazi ikafunguka chap, barua, majedwali, mialiko ya harambee, yote. Madam Mbeti akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Nikatia yangu.

Kompyuta ikanguruma. Ikanyamaza. Ikanguruma tena, kisha ikaandika kwamba imeshindwa kuisoma diski.

Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Imeshindwa.

"Msichana, una nakala nyingine?" Madam akauliza. Alikuwa mama mpole, lakini saa yake alikuwa ameshaitazama.

"Sina, Madam. Hapa haturuhusiwi kutumia printa. Kazi yote iko humo, naapa."

"Naapa, naapa," Bedan akadakia. "Madam, hawa wengine wanakuja hapa kupumzika tu kutoka machinjioni. Diski zangu ni nzuri. Wacha niifomati mbele yako uone kama ina shida. Kama alikuwa na kazi, si ataiandika tena?"

Akaandika amri yake. Kompyuta ikajibu, weka diski mpya, ukiwa tayari bonyeza Enter.

Hapo ndipo nilipoushika mkono wake.

"Toa mkono, msichana."

"Sitoi."

"Nimesema toa! Kwani unadhani hapa ni Kiamaiko?"

"Ukibonyeza hiyo kitu, Mkurugenzi, Mungu ananiona, mimi na wewe tutaonana vibaya."

Madam Mbeti akasimama na mkoba wake. Nikaona kazi yangu, na kiwanda, na maisha mengine yote yanasimama pamoja naye.

"Anko, usibonyeze."

Sote tukageuka. Ni Waithera.

Nikajiambia, haya, amekuja kunimalizia.

"Wewe nyamaza," Bedan akamwambia. "Yako si imefunguka?"

Akaja, akatupangua sote wawili kwa kiwiko, akaichomoa diski yangu. Kisha akaichukua ya kwake na kumwonyesha Madam ile pembe. Juu ya tundu kulikuwa na kipande cha plasta, hii ya kufunga kidonda. Akakibandua, akakibandika juu ya tundu la diski yangu. Akaitia.

Kompyuta ikapapasa, haikukuta tundu. Ikaisoma kama ndogo.

Kazi yangu ikafunguka. Yote.

Nililia pale pale. Sikuona aibu.

"Madam," Waithera akasema, sauti kavu, "hizi diski ni ndogo. Matundu ni ya kutobolewa. Hata yangu ilikataa hii mashine nilipoijaribu usiku kwa siri, nikahangaika nayo hadi nikaliziba tundu."

"Waithera!" Bedan akanguruma kuliko kompyuta. "Nimekulisha mimi!"

"Umenilisha, Anko. Na nimezibeba mimi hadi Kariobangi, kwa kiondo, chini ya mboga za sukuma. Phares ametoboa mpaka majirani wanamuuliza kama siku hizi anatengeneza chujio."

Madam Mbeti alimwangalia Bedan. Akaketi tena, akauweka mkoba sakafuni.

Nikajifuta macho nikamgeukia Waithera. Niliona lazima niseme kitu.

"Waithera, asan..."

"Koma," akanikata. "Sijakusaidia. Nikiichukua kazi hivi, utazunguka Umoja yote ukisema ungenishinda. Nakujua mdomo wako. Nataka nikushinde ukiwa macho."

Mnaona mtu huyo? Hata wema wake una miiba!

Machozi yakakauka hapo hapo. Nikasema moyoni, sawa, leo utanitambua.

Nikaanza mimi kwa kuwa diski yangu ilikuwa tayari ndani. Madam akanipa karatasi ya masahihisho. Nilichapa siku hiyo kama nafukuzwa. Vidole vilikuwa vinaniwahi. Kila nikimaliza ukurasa namtupia Waithera jicho, nione kama ameingiwa na baridi. Nilipofika mwisho nikasukuma kiti nyuma kwa kelele, makusudi.

"Nimemaliza, Madam!"

Waithera akabandua plasta kwa ukucha, akairudisha kwenye diski yake, akaketi. Alikwenda polepole. Anachapa, anasoma, anarudi nyuma, anasoma tena. Hakunitazama hata mara moja. Mimi nimesimama pale mikono kiunoni, natabasamu, nahesabu ushindi wangu.

Madam akasoma kazi zote mbili akiwa na kalamu mkononi. Akaanza na mimi.

"Nakhumicha, una mkono mwepesi sana. Sijaona mwepesi hivi."

Nikavuta pumzi.

"Lakini hapa kwenye jedwali umeruka mstari mzima. Na hapa umesahihisha neno, ukaharibu lililofuata. Mteja wangu akipata kitabu hivi atanirudishia vyote."

Akaifunga kalamu.

"Waithera, Jumatatu asubuhi."

Hivyo tu.

Nilitafuta pa kushika. Nilitaka kusema ni uonevu. Uonevu gani? Mashine ni moja, plasta ni moja, karatasi ni moja. Nilitaka kusema ana anko. Anko mwenyewe alikuwa mlangoni, anamwambia akatoe nguo zake nyumbani kwake kabla jua halijazama.

Tulitoka geti pamoja, na si kwa kupenda, njia ilikuwa ni ile moja. Yeye na sanduku lake, mimi na diski yangu.

Nikashindwa kujizuia. "Ungenyamaza tu ungeipata, na ungelala kwa anko wako leo."

Akalitua sanduku chini.

"Kazi ningeipata," akasema. "Ushindi juu yako nisingeupata."

Akalibeba, akakata kuelekea barabara ya Outer Ring. Mimi nikashika njia ya nyumbani na diski yangu.

Jumatatu nilirudi Kiamaiko. Nililia nikiosha, nikaosha nikilia. Kisha nikaanza kuhudhuria jioni kwa Mwalimu Okoth, ambaye alikuwa amefungua darasa lake Kariobangi, na kila nilichochapa nikawa nakisoma mara ya pili hata nikiwa na usingizi. Baadaye nami nilipata kazi ya kompyuta, nikaifanya hadi nikastaafu. Bedan alifunga chuo, wazazi walipoanza kurudisha diski.

Sasa mafunzo, maana najua mtaniuliza.

Usimwite mtu mtupu kwa sababu wewe umeshindwa kumsoma. Hilo ni la Bedan na wenzake.

La kwangu ni hili. Ukitaka kumshinda mtu, mpe nafasi yake yote kwanza. Ukimshinda kwa hila, atakudai maisha yake yote, na watu watamwamini. Waithera aliona hilo akiwa binti mdogo, hana hata pa kulala. Alininyima kitu kimoja tu nilichokihitaji siku ile, kisingizio. Bila kisingizio ilinibidi nijifunze kazi.

Nimelisema hilo mbele ya wajukuu, nimelisema kanisani, na leo nawaambia ninyi. Ni mwanamke wa haki kuliko wote niliokutana nao.

Na bado simpendi.