Karatasi Iliyomfunika Mama

“Ile karatasi, joto lake lilitoka wapi?” Mama aliniuliza tukirudi nyumbani Nyaramba, kaunti ya Nyamira.

Tulikuwa tumeondoka siku mbili kabla, alfajiri, kwa sababu ya vijiwe kwenye nyongo yake. Alikuwa ameyavumilia maumivu tangu msimu uliopita wa chai, akakubali upasuaji kwa sharti moja: “Wakinifungua, baridi isiniingie.” Akabeba blanketi zito. Tukingoja gari barabarani, mvua ikatunyeshea.

Hospitalini Kisii, saa tatu. Daktari alieleza kwamba angetumia kamera ndogo kupitia matundu manne. Nikamuuliza ameshafanya mara ngapi, na umeme ukipotea je?

“Wewe ni wakili?”

“Mimi ni binti yake.”

Saa nane walimtoa chumba cha upasuaji, meno yakigongana. Muuguzi akamfunika karatasi nyembamba yenye rangi ya fedha. “Hizi zilianzia kwa watu wa vyombo vya anga,” aliniambia.

“Na nani alizijaribu kwa mchuma chai wa Nyamira?”

Alicheka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sikuweza kukaa. Niliitoa ile karatasi, nikaigeuza-geuza, nikaiona haina uzito wala joto. Nikamfunika Mama blanketi lake. Kutetemeka kukazidi. Midomo ikaanza kupauka. Nikamwita muuguzi kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe.

Alilishika blanketi, akalivuta. “Madam, hili limelowa! Unataka kumuua?”

Akamkausha, akamrudishia karatasi, akaongeza blanketi kavu la wodi. Mimi nilisimama ukutani, mikono haina kazi.

Mama akafumbua macho kidogo, akazikamata pembe za karatasi na kuzivuta kiunoni. “Kemunto,” aliniita, “nifungie kamba. Umande utanilowesha.” Alidhani yuko shambani, amejifunga nailoni ya kuchumia chai.

“Mama, leo huchumi,” muuguzi alisema. “Hii inapanda mpaka shingoni.”

Meno yalinyamaza polepole. Mimi nilihesabu pumzi zake.

Siku ya tatu tulirudi, karatasi imekunjwa mkobani. Hapo ndipo aliponiuliza, na niliposema sijui, akasema, “Na chuo chote kile ulichosoma?”

Baadaye sana, nikisoma kuhusu vyombo vya anga, ndipo nilipojua: ile karatasi haina joto lake. Kazi yake ni kuurudishia mwili joto linalotoka mwilini. Lililomtuliza Mama lilikuwa lake mwenyewe, na nilipoitoa, nililiachia liende.