Shikamoo za Mwalimu Kadzo

Harufu ya vumbi lililorashiwa maji bado hunirudisha shuleni kwetu, mtaani Shella, Malindi, miaka ya themanini. Kabla ya mechi sisi wasichana wa netiboli tulibeba maji kwa ndoo, tukaurashia mchanga usitimke, kisha tukachora mistari kwa jivu la jikoni. Nawaambieni, sikuwa na raha nyingine kama ile. Alhamisi jioni ndiyo saa pekee ambayo hakuna aliyenituma dukani wala kunikabidhi mtoto nimbembeleze.

Tatizo lilikuwa mashabiki. Msidhani nawasema vijana wahuni. Nawasema mama zetu na bibi zetu. Walikuja na mabuibui yao, leso za kukalia na mifuniko ya sufuria ya kupigia kelele, na aliyeongoza jeshi hilo alikuwa Bibi Rukia, mama mzaa mama yangu, aliyenilea. Nyumbani alikuwa mpole, hata paka hamfukuzi. Refa akipuliza filimbi dhidi yetu, mpole yule sijui alikwenda wapi. Muhula uliotangulia wanawake hao walivamia uwanja, refa akarushiwa makumbi ya nazi, na mwalimu mkuu akatangaza mbele ya shule nzima kwamba fujo zikitokea tena, netiboli ya wasichana basi.

Ndipo wakaja wasichana wa Gede kucheza nasi, na refa akawa Mwalimu Kadzo, msichana wa Kigiriama aliyekuwa ndio kwanza ametoka chuoni. Hakuwa wa shule yetu wala wa Gede. Alikuwa mdogo wa umbo, na sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Nilipomwona nilijua netiboli yangu imekwisha.

Kipindi cha pili tulikuwa sare. Mwalimu Kadzo akamwadhibu mlinzi wetu kwa kosa la kumsukuma msichana wa Gede, na mifuniko ikaanza kulia.

"We refa!" Bibi akapaza sauti. "Macho umeyasahau kwenu?"

Wenziwe wakacheka, wakanyanyuka, wakaukanyaga mstari wa jivu. Mwalimu mkuu naye akainuka kitini. Mimi mfungaji nilikuwa karibu, kwa hiyo Mwalimu Kadzo akanipa mpira niushike, akaenda moja kwa moja hadi kwa Bibi. Akapiga goti kidogo, akaushika mkono wake.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alikuwa na tusi mdomoni, nililiona kabisa. Lakini kwetu salamu haiachwi bila kujibiwa. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, kwa sauti ya mtu aliyeshtukizwa.

"Habari za nyumbani? Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Mmoja ndiye yule, mwenye mpira."

Basi mwalimu akaenda kwa wa pili, na wa tatu, akaufuata mstari mzima asimruke mtu. Jirani yetu Saumu, aliyeolewa mwaka uleule, alipoamkiwa alichukia. "Shikamoo mimi? Kwani mimi nshazeeka?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwisho yeye mwenyewe akacheka. Kila aliyeitikia alijitengeneza leso, akarudi nyuma ya mstari. Kisha mwalimu akavuka upande wa pili kuwaamkia wazazi wa Gede. Mpira ulilowa jasho mikononi mwangu, nami nikaona haya kwa niaba yake. Refa gani huyu anayewabembeleza mashabiki?

Dakika za mwisho bado tulikuwa sare. Nikaupokea mpira, nikarusha, ukatumbukia. Nikarukaruka kwa furaha, kumbe filimbi imeshalia: nilikuwa nimepiga hatua na mpira mkononi. Bao likakataliwa. Saumu akawa wa kwanza kunyanyuka na mfuniko wake.

"Kaa kitako, Saumu!" Bibi akamkemea. "Mwalimu keshaamua."

Saumu akakaa, na wengine wote wakakaa. Gede wakauchukua mpira, wakaenda kufunga, tukashindwa kwa bao moja.

Jioni ile Bibi alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, mimi nalia kando yake. "Bibi, mbona leo hukunitetea?"

"Ningemtukanaje, mwanangu? Nami nshamwitikia." Akaendelea kukuna nazi yake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwalimu aliogopa na kwamba Bibi alinisaliti. Nilikuja kuelewa ukubwani, nilipoanza kuamkiwa mimi na watoto nisiowajua. Siku moja nilikuwa nikigombana sokoni na muuza samaki juu ya changu waliolala, mtoto wa shule akapita, "Shikamoo, mama." Nikaitikia, na ule ugomvi sikujua tena niupeleke wapi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, muuza samaki akaniona mwehu. Mwalimu Kadzo hakuwa akimbembeleza mtu. Aliwapa wale wanawake heshima ya ukubwa wao, mmoja mmoja, na wakishaipokea iliwabidi wawe wakubwa mpaka mechi iishe.

Na Bibi, aliyetaka nishinde kuliko mtu yeyote pale uwanjani, aliimeza hasira yake akakaa kitako, akaniacha nishindwe. Nililia usiku kucha kwa kuwa hakunitetea. Alhamisi iliyofuata netiboli ilikuwapo, nami nikacheza.