Kikombe cha Bibi Nakijwa

Usiku ule nililala na furaha, na hilo ndilo ninaloona aibu kulisema kuliko yote. Tulikuwa tumemzika Bibi Nakijwa, jirani yangu tangu nilipoolewa, na matanga yalikuwa yanakaribia kuanuliwa. Badala ya kulala na majonzi kama wenzangu, nililala na furaha ya mtu aliyeshinda.

Ngoja nieleze kwanza nilishinda nini.

Nina mashine ya kusaga pale njia panda, chini kidogo ya kanisa. Kijiji chetu kiko mlimani, huku kwenye baridi na mashamba ya tangawizi. Hakuna nyumba isiyokula ugali, kwa hiyo hakuna habari isiyopita kwangu. Watu wakisubiri zamu huongea, na kwa sababu ya kelele za mashine huongea kwa sauti. Mimi ndiye niliyegundua kwamba jogoo wa mchungaji aliliwa na mzee wa kanisa, maana mzee yule alileta mahindi yake huku unyoya mwekundu umenasa kwenye sweta. Tangu siku ile wakaacha kuniita Mama Eliya, wakaniita Inspekta. Nilijifanya silipendi jina hilo.

Basi asubuhi aliyofariki Bibi Nakijwa, nilifika kwake kabla hata ya dada zake. Kikombe cha uji kilikuwa pembeni ya kitanda, hakijapoa vizuri. Wengine walilia, mimi nikawa natazama huku na huku. Nikaona uji umemwagika kidogo kizingitini, na kando yake kuku mmoja amelala, amekufa. Nikamwendea Namsifu, mke wa Eliamani, mtoto wa pekee wa marehemu. Nikamuuliza kama ni yeye aliyempa mama mkwe wake uji. Akasema ni yeye. Nikamuuliza kama aliuonja kwanza. Akanitazama kama mtu ambaye hakuelewa, akasema hapana, mama alimkataza.

Kwetu humpi mtu kinywaji bila kukionja mbele yake. Iwe pombe, iwe maziwa, iwe uji, unapiga funda moja kwanza ndipo unamkabidhi, ajue kwamba hakuna sumu wala ubaya ndani yake. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Kwa hiyo pale matangani, wazee wa ukoo walipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Nikaeleza habari ya kikombe kisichoonjwa, nikaeleza na habari ya kuku. Namsifu akarudia kwamba mama mkwe mwenyewe alimkataza. Nami nikamjibu, "Marehemu hawezi kuitwa shahidi, mwanangu, na wewe hilo unalijua."

Watu wakaguna. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, lisemwalo lipo.

Mwenyekiti wa kijiji akasema mambo ya polisi yasubiri, ukoo ukae kwanza kesho asubuhi. Kila mtu alijua ukoo utasema nini: Namsifu arudi kwao, na binti yake mdogo abaki, maana mtoto ni wa ukoo. Na kwao Namsifu hakuna mama. Yupo baba na mke mwingine ambaye hakumtaka tangu zamani. Eliamani aliinamisha kichwa. Mimi nikarudi nyumbani watu wakinipisha njiani, nikala, nikalala.

Nikajiona niko mashineni. Injini imezimwa, mkanda hauzunguki, lakini unga unatoka, mweupe, taratibu, bila sauti yoyote. Foleni ilikuwa ndefu, inafika mpaka kanisani, na watu wote wamenipa mgongo. Mmoja tu ndiye aliyenielekea. Alikuwa Bibi Nakijwa, amevaa kitenge chake cha Jumapili, na kwapani amebeba kuku.

Jambo la kwanza nililoliona ni miguu yake. Miguu ya Bibi Nakijwa ilikuwa imevimba kwa muda mrefu, mpaka viatu vikamshinda akawa anavaa kandambili za mwanawe. Usiku alilala ameegemea mito, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Zahanati walishamwambia ni moyo. Yote haya niliyajua, na mto mmojawapo nilimpelekea mimi. Sasa miguu yake ni mikavu na myepesi kama ya msichana anayetoka kuchota maji. Nilitaka kumwambia jinsi nilivyofurahi, ila nikaona haya, sijui kwa nini.

Sikumwona akitembea, lakini yuko mbele yangu. Anamweka kuku juu ya mizani.

"Unamjua huyu?"

Nikasema ni kuku wako, mama, ni yule aliyekula uji. Anasubiri, kama alivyokuwa akisubiri siku zote unga wake upoe kabla ya kufunga mfuko. Yule kuku amepinda shingo kwa upande, kichwa kinakaribia kugusa mgongo, mabawa yamelegea. Nikaitazama shingo ile.

Niliijua. Wiki hiyohiyo kuku wangu wote walikuwa wamekufa bandani, shingo zimepinda vilevile, nikawafukia kwenye migomba. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimeingia kijijini, hakuna banda kililoliacha. Na asubuhi ile ya msiba, pale kizingitini, niliiona shingo ya kuku yule. Niliiona vizuri, nikaipisha, kwa sababu haikunifaa kwa lolote. Nataka kumwambia hivyo Bibi Nakijwa, lakini kinywa changu kimejaa unga.

Halafu hakuna mashine. Tuko jikoni kwake, enzi zile jiko lake lilipokuwa bado la kuni, na moshi unapita juu ya dari kwenda nje. Bibi Nakijwa ana nywele nyeusi. Mbele yake amepiga magoti Namsifu, bibi harusi mpya, kitambaa kipya kichwani, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Anakiinua kikombe aonje. Bibi Nakijwa anamshika kiganja.

"Usionje," anamwambia. "Anayeonjewa ni mgeni. Mimi ni mama yako."

Namsifu anaanza kulia bila sauti, na uji unammwagikia vidoleni, wala haupangusi. Sikuwa nimewahi kuona mtu akilia kwa namna ile, kama aliyebeba mzigo njia ndefu na sasa anaambiwa atue.

Mlangoni amesimama mwanamke mwingine, ameshika ungo aliokuja kuurudisha. Hamtazami bibi harusi. Macho yake yako kwenye sufuria zilizopangwa ukutani, anazichunguza moja moja aone mkwe mpya ametoka kwao na vyombo gani. Nikamsogelea nimwone uso. Ni mimi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hili halikuwa jambo la kutungwa na usingizi. Nilikuwepo. Ungo ule ulikuwepo, na sufuria zile, na maneno yale yalisemwa karibu nami kabisa. Niliyasikia kwa masikio yangu. Kisha nikaenda mashineni nikawasimulia watu kwamba mkwe wa Bibi Nakijwa ametoka kwao na sufuria kuukuu zilizobonyea, tukacheka hadi jioni. Habari ya sufuria niliibeba. Ile nyingine niliidondosha njiani, nikaisahau miaka yote hii, mpaka marehemu akalazimika kuinuka na kuniletea.

Sasa tuko uani, kwenye matanga. Watu wamekaa kwenye mabenchi, na katikati amesimama mwanamke anaongea, mkono mmoja kiunoni. Ni mimi tena. Bibi Nakijwa amesimama ubavuni mwangu, tunamsikiliza wote wawili. Simsikii anachosema, namwona uso tu. Uso unang'aa. Namsifu yupo chini miguuni pake, amejifunika khanga, na mwanamke yule anang'aa kama mtu aliye harusini. Sijawahi kujiona nimependeza vile, na sijawahi kujichukia vile.

"Nani aliyekuambia niliuawa?" Bibi Nakijwa akauliza.

Nikasema hakuna aliyeniambia, mama.

Khanga ya Namsifu inatikisika.

"Ulitaka niwe nimeuawa?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, ningepata pa kushika, ningejitetea, maana kujitetea nakujua. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Na jibu lilikuwa ndiyo. Bibi mzee akifa kwa moyo uliochoka, watu wanalia, wanazika, wanarudi shambani, na hakuna anayemhitaji Inspekta. Nilimtaka muuaji, kwa sababu bila yeye mimi ni mwenye mashine tu. Jirani aliyenishika mkono nilipojifungua, nilipenda zaidi awe ameuawa kuliko awe amekufa. Nikainamisha kichwa kama Eliamani alivyoinamisha.

Nilipokiinua, ua ni tupu na mabenchi yameondolewa. Bibi Nakijwa yuko mbali kwenye njia ya mfereji, anapanda mlima bila kutweta. Kuku wake anamfuata nyuma akidonoadonoa, shingo imenyooka. Aligeuka mara moja.

"Mama Eliya. Kabla hawajakaa, nenda ukanywe uji kwangu."

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka, na kimya kilikuwa kizito. Nilikaa kitandani nikisikiliza jogoo awike, kisha nikakumbuka kwamba wangu wote niliwafukia. Kimya kile ndicho kilichoniinua. Sikunawa vizuri. Nilijifunga khanga nikatoka, na njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kusema ambayo ingeniachia heshima kidogo. Nilifika mlangoni sijaipata.

Wazee walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye mabenchi na makoti yao. Wakanisalimu kwa heshima, mmoja akasogea ili Inspekta apate pa kukaa. Karibu na mlango kulikuwa na mfuko wa nguo umefungwa kamba, na binti yake Namsifu ameukalia, ameikumbatia ile kamba kwa mikono yote miwili. Namsifu mwenyewe alikuwa jikoni. Alikuwa anawapikia uji watu waliokuja kumfukuza.

"Namsifu mwanangu," nikasema, "nimekuja kunywa uji."

Akachota, akaja taratibu, kikombe mikononi, macho chini. Akakiinua kuelekea mdomoni.

"Usionje," nikamwambia. "Usinionjee. Nipe tu."

Ndipo akanitazama. Sikuona chuki machoni pake, na ningeiona ningeshukuru. Aliona mtu anayekuja kuchukua kitu ambacho si chake.

"Mama alisema anayeonjewa ni mgeni," akajibu.

Akapiga funda, akameza mbele yangu na mbele ya wazee, akanikabidhi kikombe.

Niliunywa wote nimesimama. Ulikuwa wa moto, na tangawizi ilinichoma koo. Kisha nikawageukia wazee nikawaambia kwamba shahidi niliyesema hapatikani yupo, na ni mimi. Nikawaambia ya bibi harusi na ungo na maneno niliyoyasikia mlangoni. Nikawaambia ya shingo ya kuku, na ya kuku wangu niliowafukia kwenye migomba, wakitaka wakafukue. Nikawaambia kwamba Bibi Nakijwa alikufa kwa maradhi yake, na kwamba mimi niliyajua maradhi hayo. Mzee mmoja akaniuliza, basi kwa nini ulisema? Nikamwambia nilipenda kusikilizwa. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Hawakukaa kikao. Eliamani aliinuka, akamsogeza binti yake polepole, akauchukua ule mfuko akaurudisha ndani. Namsifu alikuwa amesharudi jikoni kuwachotea wengine.

Siku hizi watu mashineni hawaniiti Inspekta, wananiita Mama Eliya, na wengine wakiniona nakaribia hupunguza sauti hata mashine ikiwa inanguruma. Kila nikipita pale kwa marehemu, Namsifu hunikaribisha, kwa adabu zake zote, na huniletea uji. Huuonja kwanza mbele yangu, kila mara, kisha hunipa, na mimi hunywa.